Waya wa iafoni una kazi ngapi?

Mpwa wangu alinituma Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, nimnunulie iafoni za iPhone yake, mojawapo ya zile za zamani zenye tundu la Lightning, lile la chaji la Apple. Alisisitiza ziwe za waya, maana za Bluetooth zilikuwa zinamzimikia kila siku kabla hajafika chuo. Nikapata za shilingi elfu nane: nyeupe, waya mrefu, kichwa kinaingia kwenye tundu barabara. Saa mbili usiku akanipigia. "Mjomba, hizi mbona zinataka niwashe Bluetooth?" Nikamwambia atakuwa amekosea. Kesho yake nikapita tena dukani, na kijana wa kaunta akanijibu kana kwamba nimemuuliza kama maji ya bahari yana chumvi: "Ndiyo, ukishachomeka unawasha Bluetooth, zinapiga freshi tu."

Yaani waya upo, umechomekwa, na muziki unapita hewani.

Hazikuwa mbovu. Ndivyo zilivyotengenezwa, na sababu yake nitaieleza. Nimeanza nazo kwa kuwa kila simu mpya isiyo na tundu la iafoni inapotoka, swali linarudi vijiweni: za waya ndiyo zinakufa? Wanaouliza huzungumza kana kwamba waya ni kitu kimoja chenye kazi moja. Nikiuhesabia, mimi naziona nne: unapeleka sauti, unapeleka nguvu ya umeme, unanasa mawimbi ya redio, na unayashikilia masikio mawili yasipotezane. Bluetooth imeikamata kazi ya kwanza. Hizo tatu nyingine ndizo zenye mgogoro.

Maneno kwanza, tusije tukabishana bure. Iafoni ni zile zinazoingia sikioni. Hedifoni ni zile kubwa zenye utepe unaopita juu ya kichwa. Zisizo na waya kabisa, vipande viwili vinavyolala kwenye kikasha chao, watu wengi huziita AirPods hata kama jina lililo kwenye boksi halitamkiki, kama vile kila dawa ya meno ilivyo Colgate. Mimi hapa nitaziita vipande.

Ndani, zote ni spika ndogo, na spika ni ngoma. Kuna ngozi nyembamba, mara nyingi ya plastiki; nyuma yake kuna koili ya waya mwembamba kama unywele; karibu na koili kuna sumaku. Umeme ukipanda na kushuka kwenye koili, sumaku inaivuta na kuisukuma, ngozi inatikisika, hewa ya sikioni inatikisika nayo, unasikia taarabu. Iafoni ya elfu tatu na hedifoni ya milioni moja kwa kawaida hazitofautiani katika hilo.

Sasa, wimbo uliomo kwenye simu si sauti. Ni namba, mamilioni ya namba zilizopangwa kwa foleni. Spika haijui kusoma namba. Inachojua ni umeme unaopanda na kushuka. Kwa hiyo mahali fulani katikati lazima akae mkalimani, chipu inayosoma namba na kutoa umeme. Ukitaka kuuelewa ugomvi wote wa waya na Bluetooth, jiulize: mkalimani kakaa wapi?

Kwenye simu yenye tundu la duara, lile la milimita 3.5, mkalimani yumo ndani ya simu. Waya unabeba sauti iliyokwisha kutafsiriwa, pamoja na nguvu ya kuitikisa ngozi. Nguvu yenyewe ni kiduchu: kwa iafoni nyingi miliwati moja tu inakupa sauti ya kukera masikio. Ndiyo maana iafoni za waya hazichajiwi. Zinakula vijisenti kutoka mfuko wa simu, na simu haihisi.

Kwenye Bluetooth mkalimani amehamishiwa sikioni. Simu inarusha namba hewani, kipande kinazipokea, kinazitafsiri na kuipiga ngoma. Kila sikio sasa linahitaji redio yake, mkalimani wake na betri yake, vyote kwenye kitu chenye ukubwa wa punje ya korosho.

Tundu la Lightning nalo linatoa namba tu. Iafoni ya waya ya kweli ya simu ile inabidi iwe na mkalimani kichwani mwake, na Apple ina utaratibu wa vibali kwa wanaotaka kutengeneza vitu vya kuchomeka humo. Mtengenezaji wa bei poa anaikwepa gharama hiyo. Chipu ya Bluetooth ni ya kumwaga, basi anatia hiyo, halafu waya anautumia kunyonya umeme wa simu. Mpwa wangu nilimnunulia Bluetooth yenye mkia.

Mkanganyiko wa aina hiyohiyo uko kwenye Type-C, na huu unawagharimu watu wengi zaidi. Unanunua kile kikebo kifupi cha kuunganishia iafoni za zamani kwenye tundu la chaji. Kwenye simu ya rafiki yako kinapiga, kwenye yako kimya. Unamlaumu muuzaji. Kumbe vikebo hivyo viko vya aina mbili. Vingine vina mkalimani ndani, vingine ni waya mtupu unaotegemea mkalimani wa simu. Zipo simu zinazotoa sauti iliyotafsiriwa kupitia Type-C, na zipo zinazotoa namba tu. Ukichomeka kikebo kitupu kwenye simu ya namba tu, unaambulia ukimya. Kikebo chenye mkalimani kinafanya kazi karibu kila mahali, kwa hiyo ukiwa dukani omba chenye chipu, na ukijaribishe kwenye simu yako mwenyewe kabla hujatoa hela. Simu ya muuzaji isikudanganye.

Tundu lilivyozibwa

Pini ya iafoni ina ukoo mrefu. Babu yake, ile nene ya milimita 6.35 ambayo bado ipo kwenye magitaa na vinanda, ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 kwenye mitambo ya simu, pale mhudumu alipokuwa anachomeka na kuchomoa nyaya kuunganisha wapigaji. Mjukuu wa milimita 3.5 alizoeleka kwa redio ndogo za transista, kisha Walkman ya Sony ya mwaka 1979 ikampeleka mfukoni mwa kila mtu. Vifaa vichache vya umeme vimedumu hivyo. Kaseti imekufa, CD inakufa, pini ipo.

Septemba 2016 Apple ikatoa iPhone 7 bila tundu. Haikuwa ya kwanza: Oppo Finder ya mwaka 2012 haikuwa nalo, na Moto Z iliitangulia iPhone 7 kwa miezi michache. Lakini Apple ndiyo iliyosikika, hasa baada ya Phil Schiller, mkuu wake wa masoko, kusimama jukwaani na kuuita uamuzi ule ujasiri. Siku hiyohiyo wakaonyesha AirPods, dola 159. Mwaka 2017 Samsung ikatengeneza tangazo la kuwacheka wenye iPhone na kikebo chao cha kuning'iniza. Agosti 2019 Samsung hiyohiyo ikatoa Galaxy Note10 bila tundu. Aliyemcheka kilema, na yeye kakatwa mguu.

Mtaani wanasema tundu liliondolewa ili maji yasiingie. Kuna ukweli kidogo, kwa kuwa kila uwazi ni kazi ya ziada ya kuziba. Ila Galaxy S7 ya mwaka 2016 ilikuwa na tundu na ilihimili kuzamishwa majini mita moja na nusu kwa nusu saa. Nafasi ndani ya simu ni hoja yenye uzito zaidi: tundu lile ni refu kwenda ndani, na betri inaitaka sehemu hiyo. Hoja ya tatu haisemwi jukwaani. Anayeuza simu isiyo na tundu mara nyingi anauza na vipande, na vipande vinarudi sokoni kila baada ya miaka miwili mitatu kwa sababu nitakayoifikia. Mimi hiyo ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi.

Samaki mbichi na ng'onda

Je, sauti ya Bluetooth ni mbaya? Fikiria samaki. Anayekaa Kunduchi anakula aliyevuliwa asubuhi. Anayekaa Dodoma zamani alimpata akiwa ng'onda: amepasuliwa, amekaushwa, amekuwa mwepesi wa kusafirisha. Ukimloweka na kumpika na nazi anarudi kuwa kitoweo kizuri sana, lakini yale maji yaliyokaushwa juani si haya ya kisimani.

Bluetooth inakausha sauti. CD inatoa kilobiti 1,411 kwa sekunde. Njia ya kawaida ya kubana sauti ambayo kila kifaa cha muziki cha Bluetooth kinayo, inayoitwa SBC, hupitisha takriban 328 inapokuwa kwenye ubora wake mzuri. LDAC ya Sony inafika 990 mawimbi yakiruhusu. Zipo na nyingine, kila moja na namna yake ya kukausha.

Ila kabla mwenye iafoni za waya hajatamba, aangalie anachosikiliza. Wimbo wa YouTube au ule uliotumwa WhatsApp ulikwisha kukaushwa kabla haujafika kwenye simu. Anakula ng'onda kwenye sahani ya samaki mbichi. Kwa muziki wa kawaida, kwenye daladala, injini ikinguruma, sijakutana na mtu anayeweza kutofautisha vipande vizuri na iafoni nzuri ya waya. Kwa bei ileile moja, hapo sawa, waya unashinda: elfu ishirini ya waya yote inaingia kwenye spika, elfu ishirini ya vipande inagawanywa kwa redio mbili, betri tatu (usisahau ya kikasha) na chipu. Kinachobaki cha spika ni makombo.

Tatizo halisi la Bluetooth ni kuchelewa. Kubana, kurusha, kupokea, kufungua: yote yanakula muda, na kwa njia ya kawaida sauti hufika baada ya sehemu ya tano ya sekunde hivi. Unaona ni kidogo? Nenda uwanja wa mpira, simama nyuma ya goli, mtazame kipa wa upande wa pili akipiga mpira. Unaona mguu, halafu ndipo unasikia "bup". Sehemu ya tano ya sekunde ni kama kuwa mita sabini kutoka kwa mpigaji. Kwenye filamu hulioni hilo kwa sababu programu inachelewesha picha makusudi ili midomo iendane na maneno. Kwenye mchezo wa bunduki hakuna wa kukucheleweshea adui. Unasikia hatua zake akiwa amekwisha kukumaliza. Na mwimbaji wa studio akisikia sauti yake mwenyewe imechelewa hivyo, ulimi unamkwama kabla ya kumaliza ubeti. Ingia studio yoyote ya redio au ya muziki, hedifoni utakazoziona zina waya, nene, mara nyingi umejikunja kama mkia wa nguruwe.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulidhania ni ubovu wa kifaa. Muziki unapiga vizuri, ikiingia simu ya WhatsApp sauti inageuka ya ndani ya kopo. Wakati wa muziki, barabara yote ya Bluetooth ni ya kwenda. Ukianza kuongea, maikrofoni inataka njia ya kurudi, na Bluetooth ya kawaida inahamia kwenye mfumo wa zamani uliobuniwa kwa maongezi ya simu tu, mwembamba kwelikweli. Kama uko kwenye kikao cha mtandaoni kwa kompyuta, chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe, masikio yaache kwenye Bluetooth, na kopo litaondoka.

Mfumo mpya uliotangazwa mwaka 2020, LE Audio, unapunguza makali ya yote mawili: unabana kwa ustadi zaidi, unakula betri kidogo kuliko ule wa zamani. Ndani yake kuna kitu kinaitwa Auracast, ambacho mimi nakiona ni kikubwa kuliko kelele zote za ubora wa sauti. Bluetooth ya kawaida ni maongezi ya watu wawili; Auracast ni kituo cha redio. Mmoja anarusha, ukumbi mzima unapokea, kila mtu masikioni mwake: hotuba ya msikitini, tafsiri ya kanisani, tangazo la uwanja wa ndege. Kwa wanaotumia vifaa vya kusaidia kusikia, hiyo ni kazi ambayo waya haukuwahi kuiweza.

Na mbona sauti hukatika ukiwa Kariakoo penyewe, katikati ya watu? Bluetooth hufanya kazi kwenye gigahezi 2.4, mawimbi ambayo maji huyameza, na mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji. Simu ikiwa mfuko wa nyuma kushoto na kipande kinachopokea kiko sikio la kulia, wewe mwenyewe ndiye ukuta. Nyumbani mawimbi hugonga kuta na kurudi yakakufikia kwa njia ya uchochoro. Barabarani hakuna cha kuyarudisha. Isitoshe masafa hayo yamejaa Wi-Fi na Bluetooth za wenzako. Ili isigongane nao, Bluetooth ya kawaida inarukaruka kwenye vichochoro 79, mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio ambao simu yako na vipande vyako vimekubaliana, kama wapenzi wanaobadilisha kibanda cha kukutania kila wakati. Kwamba inafanya kazi hata kidogo, katika fujo ile, ni maajabu.

Betri ya punje

Hapa ndipo ilipo hesabu ambayo maboksi hayaiandiki.

Simu nyingi za sasa zina betri ya mAh 5,000 hivi (mAh ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Betri ya kipande kimoja cha sikioni ni kati ya 25 na 60. Betri hizi za litiamu huchakaa kwa kuhesabu mizunguko: baada ya mizunguko kamili mia tatu hadi mia tano, uwezo hushuka. Kipande kinachotumika kila siku hadi kuisha kinamaliza mizunguko hiyo ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mwanzoni unapata saa tano, kisha tatu, kisha inazima kabla hujafika Ubungo. Joto linaongeza kasi, na sisi wa Dar tunaacha vikasha kwenye dashibodi ya gari saa saba mchana. Mara nyingi sikio moja hutangulia, lile unalopokelea simu.

Likifa, limekufa. Vipande vingi hugundishwa kwa gundi, havina skrubu. iFixit, wale wa Marekani wanaofungua vifaa kuvipima kama vinatengenezeka, waliipa AirPods ya kwanza sifuri kwa kumi. Umoja wa Ulaya umetunga sheria inayotaka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na kubadilishwa na mwenye kifaa, pamoja na misamaha yake. Kama kiwanda kitabadilisha umbo la kipande kwa ajili ya soko la Ulaya, huenda faida hiyo ikatufikia na sisi kwenye kontena.

Linganisha na iafoni ya waya. Nayo inakufa, na inafia mahali pamoja: shingoni, pale waya unapoingia kwenye pini. Wote tunaijua ile hali ya kuipinda pini kwa kidole hadi sikio la kushoto lifufuke, halafu unatembea umeishikilia hivyohivyo kama yai. Fundi mmoja wa Mwenge huzirudisha zangu kwa elfu mbili. Anakata shingo, anachuna ganda, na ndani zinatokea nyaya za rangi: nyekundu ya kulia, kijani ya kushoto, na ya rangi ya shaba ya pamoja. Ukidhani rangi ni urembo utashangaa kwa nini lehemu haishiki. Ile ni vanishi ya kuzuia nyaya zisigusane. Fundi anazipitishia kiberiti nusu sekunde, vanishi inaungua, anazifuta kwa kucha, anapachika pini mpya. Dakika kumi. Nimekuwa na iafoni moja yenye shingo ya tatu.

Hiyo kazi ya nne ya waya, kuyashikilia masikio yasipotezane, nilidhani ni ya utani mpaka nilipodondosha kipande kwenye mtaro wa Magomeni.

Hofu za mionzi, wadukuzi na uziwi

Mionzi ya Bluetooth inapika ubongo? Maneno haya yanasafiri sana kwenye magrupu ya familia, kwa kawaida yakiwa na picha ya kichwa chekundu. Mawimbi ya Bluetooth ni ya redio, hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei. Kifaa kidogo cha Bluetooth huwa na kikomo cha miliwati chache. Simu ya 2G inayohangaika kutafuta mnara inaweza kupiga hadi wati 2, mara mamia. Anayeogopa vipande huku akibandika simu sikioni nusu saa anakimbia sisimizi na kukalia siafu. Ni kweli kwamba mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la vitu vinavyowezekana kusababisha saratani, kundi 2B. Kundi hilohilo lina achari ya mboga ya kienyeji ya Asia. Maana yake ni kwamba ushahidi ni haba na uchunguzi uendelee.

Udukuzi una mashiko zaidi. Mwaka 2017 ziligunduliwa kasoro za Bluetooth zilizopewa jina BlueBorne, zilizogusa mabilioni ya vifaa, na Kamala Harris alipokuwa Makamu wa Rais wa Marekani alijulikana kwa kung'ang'ania iafoni za waya kwa tahadhari ya namna hiyo. Kwake ni busara. Kwako wewe na mimi, kusasisha simu na kukataa maombi ya kuunganishwa usiyoyajua kunatosha, maana anayetaka siri zako atakupigia akijifanya wakala wa mitandao ya pesa.

Kinachoharibu masikio ni sauti kubwa, na hapo waya na Bluetooth ni ndugu. WHO inakadiria vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kwa usikilizaji usio salama. Kiwango inachopendekeza ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Vipande vinavyozima kelele za nje kwa kweli vinasaidia hapa, kwa sababu hulazimiki kushindana na honi.

Mzee na dirisha

Kwa hiyo za Bluetooth zitachukua nafasi ya za waya? Kwa anayetembea, anayefanya mazoezi, anayeongea na simu huku anapika, zimekwisha kuchukua, na sioni wakirudi nyuma. Kwa studio na wachezaji wa michezo ya simu, waya utabaki hadi ucheleweshaji ule uishe. Wapo pia vijana wa mjini waliorudia za waya kwa mapozi tu, na mapozi hayana ratiba. Tundu la duara ndilo linaloondoka, taratibu, kutoka simu za bei ya juu kushuka chini. Simu nyingi za bei nafuu, za itel na Tecno zikiwemo, bado zinalo. Waya wenyewe unahamia Type-C.

Lakini ile kazi ya tatu inanirudisha kwa baba mkubwa, Muheza. Sikukuu moja nilimpelekea vipande vizuri, nikamuunganishia, akasikiliza kidogo, akanishukuru. Jumamosi ikafika, Simba na Yanga. Akafungua redio ya FM ya simu yake, na kioo kikaandika: chomeka iafoni. Nikamwambia anazo masikioni. Simu haikukubali.

Mawimbi ya FM yana urefu wa mita tatu hivi, na antena nzuri inataka angalau robo yake, sentimita 75. Ndani ya simu hakuna nafasi ya kitu kirefu hivyo. Watengenezaji waliazima waya wa iafoni, ambao una mita moja na ushee, ukawa antena. Bluetooth haina mkia wa kunasia mawimbi, na kuisikiliza redio kwa intaneti kunataka bando na mnara wenye nguvu, vitu ambavyo dakika ya 90 havipatikani pamoja.

Baba mkubwa alivua vipande, akavirudisha kwenye kikasha, akachukua iafoni zake za siku zote kutoka kwenye msumari wa dirisha. Akazichomeka, akaacha waya uning'inie pale pale dirishani, akageuzia sauti kwenye spika ya simu ili wote tusikie. Sikio la kulia la iafoni zile lilikatika siku nyingi, la kushoto halijulikani lilipo. Mtangazaji alisikika mpaka barazani.